Mchicha wa Mlangoni ni Macho ya Mtoto na Damu ya Mama

Tufikirie nyumba moja kijijini. Jua limekwisha kuzama. Taa bado haijawashwa. Bibi amekaa kwenye mkeka. Anamwita mjukuu wake wa miaka minne.

"Mjukuu wangu, niletee kata iliyo juu ya mtungi."

Mtoto anainuka. Anakwenda akipapasa ukuta. Anajikwaa kwenye kinu, kisha anasimama.

"Bibi, siioni."

Bibi anakasirika. Anadhani mtoto ni mvivu. Mchana kutwa mtoto huyu alikuwa akikimbia na wenzake, na aliona vizuri kabisa. Sasa iweje asione kata?

Mtoto si mvivu. Mtoto anaumwa. Jioni, wakati watu wengine bado wanaona, yeye haoni. Hii ni dalili kwamba mwili wake umepungukiwa na kitu kinachoitwa vitamini A. Asiposaidiwa mapema, macho yake yatakauka. Baadaye jicho linaweza kupata kidonda, na mtoto anaweza kuwa kipofu maisha yake yote. Tena mwili uliokosa vitamini A hauna nguvu ya kupigana na maradhi kama surua na kuhara.

Nje ya nyumba hiyo, hatua kumi kutoka jikoni, pana kiwanja kitupu. Kuku wanaparua hapo. Leo tutazungumza juu ya kiwanja hicho. Tutajifunza kupanda mchicha kwa mbegu, kuutunza, kuupika, na kuweka mbegu zetu wenyewe.

MBOGA INAKWENDA MJINI

Sisi wa Kibaha na Kisarawe tunakaa karibu na Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro inapita Kibaha, na kutoka Kisarawe unapita Pugu, unaingia mjini. Ukaribu huu una faida. Mkulima akipata mihogo, maembe, nazi au mboga, wanunuzi hawako mbali.

Lakini ukaribu huu una hatari yake. Mkulima anafunga mafungu ya mchicha alfajiri. Anayapanga kwenye tenga, anayafunga kwenye baiskeli, anakwenda kuuza. Anarudi na fedha. Fedha hiyo inanunua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Jioni watoto wake wanakula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi, hakuna hata jani moja. Mtoto wa mjini amekula mchicha wa baba yake mtoto wa shamba.

Hatusemi usiuze. Fedha inahitajika. Tunasema hivi: tuta la kwanza ni la nyumbani. Tuta la pili na la tatu unaweza kuuza. Mume na mke wakubaliane jambo hili kabla ya kupanda, ili mnunuzi akija asilimalize tuta la watoto.

MCHICHA UNA NINI?

Mchicha una vitu vingi vinavyojenga na kulinda mwili. Hapa tutaje vitatu.

Kitu cha kwanza ni kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Hiki hulinda macho. Kipo pia katika majani ya muhogo, yaani kisamvu, katika matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, maembe mabivu, papai bivu na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.

Kitu cha pili ni madini ya chuma. Madini haya husaidia mwili kutengeneza damu.

Kitu cha tatu ni vitamini inayoitwa foliki. Hii nayo husaidia kutengeneza damu. Mama anaihitaji sana tangu mwanzo wa mimba, kwa sababu husaidia mgongo na ubongo wa mtoto kujengeka vizuri.

Mama mjamzito anatengeneza damu ya watu wawili. Damu yake ikipungua, anachoka upesi, anahema akipanda kilima kidogo, na viganja vyake huwa vyeupe. Siku ya kujifungua, mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi, maisha yake yako hatarini. Ndiyo maana tunasema mchicha ni macho ya mtoto na damu ya mama.

Mambo haya si mapya katika nchi yetu. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, na kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakaenda kufanya kazi. Katika mwaka huo wa 1973 serikali ilianzisha chombo cha kushughulikia chakula na lishe ya wananchi. Na pale Kibaha, mradi ulioanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki uliweka shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 Tanzania ilikabidhiwa mradi huo, nao ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Somo lake ni rahisi kuelewa: jembe, kitabu na dawa vinasaidiana. Mtu akiacha kimoja, viwili vinavyobaki vinalegea.

CHAGUA MAHALI

Chagua mahali karibu na jikoni. Mboga iliyo mlangoni huchumwa kila siku. Mboga iliyo mbali huchumwa siku ukikumbuka.

Mahali pawe na jua. Chini ya mwembe mkubwa mchicha hautastawi. Pasiwe karibu na choo, wala pasipitiwe na maji machafu.

Kwanza jenga ua. Tumia makuti, mabua, fito au matawi ya miiba. Usipande kabla ya kujenga ua. Kuku mmoja na vifaranga vyake wanaweza kumaliza kazi yako ya wiki mbili kwa asubuhi moja.

TENGENEZA UDONGO

Sehemu nyingi za Kibaha na Kisarawe zina udongo wa kichanga. Mchanga haushiki maji. Ukimwagilia asubuhi, jioni umekauka. Dawa ya mchanga ni mboji na samadi.

Kutengeneza mboji, chimba shimo lenye kina cha magoti. Weka majani makavu, mabua, magugu yasiyo na mbegu, na maganda ya jikoni. Nyunyiza majivu kidogo na mavi ya kuku au ya mbuzi. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka shimo lijae, kisha funika kwa majani ya mgomba au makuti. Geuza kila baada ya wiki tatu au nne. Baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia kama udongo wa msituni. Hiyo ndiyo mboji.

Usitumie mavi mabichi ya mnyama yeyote. Yanaunguza miche na yana vijidudu vya maradhi. Mavi ya binadamu usiyatumie kabisa katika bustani ya mboga.

Sasa pima tuta lako. Upana uwe mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu uwe mita 4. Lima kwa kina cha jembe. Mwaga mboji debe mbili au tatu juu ya tuta, changanya vizuri, sawazisha.

Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, inua tuta ili maji ya mvua yasituame. Wakati wa kiangazi, fanya kinyume. Tuta liwe chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni, ili maji unayomwagilia yasikimbie.

PANDA MBEGU

Mbegu za mchicha ni ndogo sana. Mtu akizimwaga kwa mkono, huanguka nyingi mahali pamoja, na miche hubanana. Fanya hivi:

1. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mbegu. Hicho kinatosha tuta lako.

2. Changanya mbegu hizo na kikombe kimoja cha mchanga mkavu.

3. Kwa kijiti, chora mistari juu ya tuta. Kutoka mstari mpaka mstari iwe shibiri moja. Mstari usiwe na kina kirefu kuliko ukucha wa kidole.

4. Nyunyiza mchanga wenye mbegu ndani ya mistari. Funika kwa udongo mwepesi. Ukizika mbegu chini sana hazitaota.

5. Funika tuta kwa nyasi kavu chache. Nyunyiza majivu kuzunguka tuta, maana sisimizi hupenda kubeba mbegu.

6. Mwagilia kwa chombo chenye matundu madogo. Kopo la zamani lililotobolewa kwa msumari linafaa. Usimwage maji kwa ndoo, mbegu zitahama.

Baada ya siku tatu mpaka saba utaona miche. Siku hiyo hiyo ondoa nyasi juu yake, la sivyo miche itakuwa mirefu, myembamba na dhaifu.

Usipande matuta yote kwa siku moja. Panda tuta la kwanza leo. Panda la pili baada ya wiki mbili. Panda la tatu baada ya wiki mbili nyingine. Hivyo tuta moja likichoka, jingine liko tayari. Ukipanda yote siku moja, utakuwa na mboga nyingi mno mwezi mmoja, na mwezi unaofuata utakosa.

TUNZA BUSTANI

Wiki ya pili au ya tatu, ng'oa miche iliyobanana. Usiitupe. Hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, tena laini.

Kuanzia wiki ya nne unaweza kukata. Usimng'oe mama mchicha. Kata shina, uache kiasi cha shibiri moja kutoka chini. Pembeni yatachipua matawi mapya, nawe utakata tena baada ya wiki moja au mbili. Baada ya miezi miwili hivi mchicha hukomaa na majani huwa magumu. Ng'oa, tia mboji, panda upya.

Viwavi watakuja. Pita bustanini asubuhi, geuza majani, waokote kwa mkono na uwaue. Vidukari wakionekana, nyunyiza majivu juu ya majani yenye umande, au kata majani yaliyoshambuliwa. Osha vizuri kabla ya kupika.

Sasa sikiliza onyo hili. Sisi tuna mikorosho, na wengine wetu tuna dawa ya mikorosho ndani ya nyumba. Dawa ya mikorosho si dawa ya mchicha. Mchicha unakatwa leo na unaliwa leo. Ukinyunyiza dawa ya sumu, utailisha familia yako. Ukishindwa na wadudu, mwulize bwana shamba au bibi shamba kabla ya kununua dawa yoyote.

"LAKINI HATUNA MAJI"

Ndugu msomaji, najua utasema hivyo. Ni kweli. Mama anayetembea mbali na ndoo kichwani hawezi kuambiwa amwage maji kama mvua.

Tufanye hesabu. Tuta moja la mita 1 kwa mita 4 linahitaji kiasi cha debe moja, yaani lita 20, kwa siku wakati wa jua kali. Matuta matatu ni debe tatu. Kwa nyumba iliyo mbali na maji, hizo ni nyingi. Kwa hiyo, wakati wa vuli na masika lima matuta matatu. Wakati wa kiangazi lima tuta moja tu, hata nusu yake. Nusu ya tuta inahitaji nusu debe.

Maji uliyooshea mboga, mchele na matunda yanafaa kumwagilia. Maji yenye sabuni nyingi yapeleke kwenye mgomba. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, maana mchana jua huyanywa maji kabla ya mchicha. Tandaza nyasi kavu katikati ya mistari ili udongo ubaki na unyevu.

Na kazi ya kuchota maji isiwe ya mama peke yake. Baba ana baiskeli. Madumu mawili juu ya baiskeli ni rahisi kuliko ndoo mbili za kichwa. Macho yanayolindwa ni ya mtoto wa wote wawili.

WEKA MBEGU ZAKO MWENYEWE

Mwaka huu umepata mbegu kwa jirani au dukani. Mwaka ujao usiombe tena. Mchicha unakupa mbegu bure kama una subira.

Katika kila tuta, chagua miche mitatu au minne iliyo bora kuliko yote. Iwe na majani mapana, isiwe na ugonjwa, isiwe ya kwanza kutoa maua. Ifunge kitambaa chekundu au uzi, ili kila mtu nyumbani ajue kwamba haikatwi. Usichague mchicha pori wenye miiba kwenye shina.

Miche hiyo itatoa mashuke. Baada ya miezi mitatu hivi tangu kupanda, mashuke yataanza kukauka. Sugua shuke moja kwa vidole. Mbegu ngumu zinazong'aa zikianguka mkononi, wakati umefika. Usingoje mno, zitamwagika zote chini.

Kata mashuke, yatandaze juu ya kanga au mkeka kivulini kwa siku kadhaa. Yapigepige, kisha pepeta kwa ungo taratibu. Anika mbegu tena mpaka zikauke kabisa. Zitie ndani ya chupa kavu pamoja na majivu makavu kidogo. Ziba vizuri. Weka mahali penye ubaridi, mbali na moto wa jikoni.

Kisha chukua kalamu. Andika kwenye karatasi: MCHICHA. Andika mwezi na mwaka. Bandika karatasi hiyo kwenye chupa. Ulijifunza kusoma na kuandika ili kazi kama hii iwe rahisi. Chupa yenye maandishi haimdanganyi mtu. Mwenye chupa mbili zisizo na maandishi anaweza kupanda mbegu za zamani, akangoja wiki mbili, akaona tuta tupu.

Shuke moja zuri lina maelfu ya mbegu. Kwa hiyo zitabaki. Mpe jirani. Mtoto wa jirani naye ana macho.

PIKA VIZURI

Mboga nzuri inaweza kuharibiwa na sufuria. Shika mambo haya matano:

1. Osha majani yakiwa mazima, kisha ndipo ukate. Ukikata kwanza na kuosha baadaye, vitamini nyingine hutoka na maji.

2. Tumia maji kidogo, na funika sufuria.

3. Usipike muda mrefu. Dakika chache zinatosha, majani yakilainika tu. Maji yaliyobaki usiyamwage. Ni mchuzi.

4. Tia mafuta kidogo, au tui la nazi, au karanga zilizotwangwa. Hii si anasa. Mwili hauwezi kuchukua vizuri kile kitu cha macho kilichomo katika mchicha kama hakuna mafuta. Sisi watu wa Pwani tuna nazi. Tuitumie.

5. Kula pamoja na kitu chenye uchachu, kama ndimu, chungwa, embe au ukwaju. Au tia dagaa au samaki. Vitu hivi husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai usinywe pamoja na chakula, maana huyazuia. Ngoja saa moja hivi.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na aanze kupewa chakula. Mchicha uliopikwa na kupondwa, ukichanganywa na uji mzito au viazi, unamfaa. Anza na vijiko vichache. Na mama mjamzito asipakuliwe mwisho, wakati mboga imekwisha na kumebaki mchuzi.

BUSTANI HAIONDOI ZAHANATI

Mchicha ni kinga. Mtu akiwa tayari mgonjwa, asikae nyumbani akingoja mchicha uote.

Mtoto akijikwaa jioni kama yule mjukuu, au macho yake yakiwa makavu, mpeleke zahanati siku inayofuata. Usimtie dawa za majani machoni. Na kila mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano apelekwe kupata matone ya vitamini A, mara mbili kwa mwaka.

Mama mjamzito aanze kliniki mapema. Ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoelekezwa. Mchicha peke yake hauwezi kujaza damu iliyopungua sana. Tena damu hupungua kwa sababu nyingine pia. Malaria huharibu damu, kwa hiyo lala ndani ya chandarua. Minyoo ya safura hunyonya damu, nayo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya nyayo. Kwa hiyo tumia choo na vaa viatu, hata ukiwa bustanini.

Tumrudie sasa yule bibi. Hakujua. Alidhani mtoto ni mvivu. Wewe umesoma, na sasa unajua. Jioni ya leo, kabla taa haijawashwa, waite watoto wako mmoja mmoja, uwatazame wanavyotembea. Kesho asubuhi chukua jembe, uende kwenye kile kiwanja kinachoparuliwa na kuku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Juma lililopita, familia yako ilikula mboga za majani siku ngapi?

2. Mtoto asiyeona wakati wa jioni anaonyesha dalili ya nini? Tufanye nini?

3. Kwa nini tunachanganya mbegu za mchicha na mchanga?

4. Katika nyumba yako, nani anaamua mboga ipi iuzwe na ipi iliwe?

5. Nani katika kikundi ana mbegu za kuwagawia wenzake? Andikeni majina, na mpange siku ya kuanza.